Mpira wa maji na faili: historia ya namna programu zilijifunza kusoma na kuandika



Najua wengi wananifahamu kwa habari ya mihogo na udongo, na leo mtashangaa kuona naandika juu ya kompyuta. Lakini siku hizi mtu wa agronomia hawezi kumaliza memware yake bila kufungua R ao Python, na ndani ya hizo programu kuko jambo moja tunalotumia kila siku bila kulitazama. Unaandika mstari mmoja tu: soma faili hii. Faili inaweza kuwa kwenye diski ya kompyuta, kwenye kle USB, imebanwa kwa gzip, ao iko kwenye serveri ya mbali unayoifikia kwa intaneti. Amri yako inabaki ile ile. Unabadilisha jina la faili, basi.

Wataalamu wanaita jambo hilo abstraksioni ya kuingiza na kutoa data. Neno ni kubwa, lakini maana yake ni nyepesi: programu inaongea na jina moja, na nyuma ya jina hilo kunaweza kuwa kifaa chochote. Kazi hiyo inafanywa na maktaba, ni kusema mkusanyo wa vipande vya programu ambavyo wengine waliandika ili wewe usiviandike tena.

Nataka nieleze jambo hilo lilitoka wapi, juu naona tunalipokea sawa mvua, kama kitu kilichoshuka chenyewe. Halikushuka. Ni mapatano ambayo watu waliyaandika kifungu kwa kifungu kwa muda wa miaka mingi, na vifungu vingi viliandikwa kisha mtu kuumia. Asiyevijua anaweza kupoteza data ya msimu mzima bila programu yake kumwambia neno.

1. Wakati kila kifaa kilikuwa na amri yake

Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN kwa kompyuta yake ya IBM 704. Kikundi kilichoitengeneza kiliongozwa na John Backus. Ilikuwa hatua kubwa: mwanasayansi aliweza kuandika hesabu zake karibu sawa vile anaziandika kwenye kaye, na kompaila ikazigeuza kuwa lugha ya masini.

Lakini upande wa kusoma na kuandika, kila kifaa kilikuwa na amri yake. Kusoma kadi za karatasi zilizotobolewa: READ. Kutoboa kadi mpya: PUNCH. Kuchapa kwenye karatasi: PRINT. Kusoma tepu ya sumaku: READ INPUT TAPE. Kusoma silinda ya sumaku: READ DRUM. Jina la kifaa lilikuwa ndani ya amri yenyewe.

Fikiria umempa mfanyakazi wa shamba karatasi ya maagizo: teka maji kwenye kisima cha nyuma ya kanisa, kwa bido ya manjano, mwagilia kitalu cha kwanza. Siku kisima kinakauka, maagizo yote yamekufa. Maji yako mtoni, bido nyingine ziko, lakini karatasi inasema kisima. Lazima uandike upya. Njo hali ya programu za wakati ule: data ikihama kutoka kadi kwenda tepu, unarudia programu na kubadilisha amri moja moja.

Dawa ya kwanza ilikuwa namba. FORTRAN IV, iliyokuja mwaka 1962, ilileta amri ya kusoma na amri ya kuandika zenye namba ndani ya mabano. Kwa mazoea ya masini za IBM, namba 5 ilikuwa ya kusoma na namba 6 ya kuchapa. Programu ilisema tu: soma kutoka 5, andika kwa 6. Nani ni 5? Hilo liliamuliwa nje ya programu. Leo 5 ni kadi, kesho 5 ni tepu, na programu haijui. Hata sasa kuko watu wazima wa FORTRAN ambao mikono yao inaandika 5 na 6 bila kufikiri.

Namba ilificha jina la kifaa. Haikuficha tabia zake. Kadi ilikuwa na nafasi 80, hata moja zaidi hapana. Printa ilichukua herufi ya kwanza ya kila mstari kama agizo la karatasi: ukiweka 1 pale mwanzo, inaruka kwenye ukurasa mpya. Programu iliyoandikwa kwa printa ilibeba tabia hiyo popote ilipokwenda.

2. Mpira wa kumwagilia wa mwaka 1964

Tarehe 11 Oktoba 1964, Doug McIlroy, mtafiti wa Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, Marekani, aliandika maelezo mafupi ya ndani kwa wenzake. Ndani yake alisema kwamba inafaa programu ziunganishwe sawa mpira wa kumwagilia bustani: ukihitaji kuchakata data kwa namna nyingine, unafunga kipande kingine mbele, basi. Akaongeza kwamba njia hiyo inafaa pia kwa kuingiza na kutoa data.

Sisi watu wa shamba tunamwelewa mara moja. Siri ya mpira haiko kwenye mpira wenyewe. Iko kwenye rakori, kile kiungio cha mwisho. Kama rakori zote zina kipimo kimoja, mpira hauulizi maji yanatoka kwenye robine, kwenye tanki ao kwenye pompa, na hauulizi mbele kuko arozware ao mpira mwingine. Rakori zikiwa na vipimo tofauti, unaweza kuwa na tanki limejaa na mboga zinakauka.

Wazo lilibaki kwenye karatasi kwa miaka. Bell Labs wakati huo ilikuwa pamoja na MIT na General Electric katika mradi mkubwa ulioitwa Multics. Mwaka 1969 Bell Labs ilijitoa. Mwaka ule ule, Ken Thompson alianza mfumo mdogo kwenye kompyuta ya PDP-7, Dennis Ritchie akawa naye, na mfumo huo njo ukawa Unix.

Unix ilichukua uamuzi ambao leo unaonekana wa kawaida, lakini wakati ule haukuwa hivyo. Ilisema: faili ni mfululizo wa baiti, hakuna zaidi. Hakuna nafasi 80, hakuna rekodi za kipimo kimoja, hakuna herufi ya kwanza yenye agizo la karatasi. Kama unataka mistari, weka alama ya mwisho wa mstari na uhesabu mwenyewe. Kisha ikaongeza la pili: vifaa navyo vinaonekana kama faili. Printa ina jina kwenye folda, tepu ina jina, klavye na karatasi ya teletype vina jina.

Amri zikabaki chache: fungua, soma, andika, funga. Ukifungua kitu unapewa namba ndogo, na kuanzia hapo unaongea na namba tu. Programu ikianza, inakuta namba 0 tayari iko wazi kwa kusoma na namba 1 kwa kuandika. Nani yuko nyuma ya 0 na 1? Aliyeianzisha programu ndiye anajua.

Mwaka 1973, kisha McIlroy kusukuma sana, Thompson aliweka ndani ya Unix ile mipira yenyewe: matokeo ya programu moja yanaingia moja kwa moja kama maingizo ya programu inayofuata. McIlroy amesimulia kwamba kazi hiyo Thompson aliifanya katika usiku mmoja. Inawezekana kwa usiku mmoja juu rakori zilikuwa tayari. Programu zilishazoea kusoma na kuandika baiti bila kuuliza zinatoka wapi.

3. Mike Lesk na ndoo ya baiti 512

Mpaka hapo mapatano yalikuwa kati ya programu na kiini cha Unix. Ukitoka nje ya Unix, hayakuwa na nguvu. Na lugha ya C, ambayo Ritchie alikuwa akiitengeneza miaka ile, ilianza kusafiri. Ndani ya Bell Labs kulikuwa pia masini za Honeywell na za IBM, zenye mifumo yake na tabia zake za faili.

Mtu aliyeshika shida hiyo ni Mike Lesk. Karibu mwaka 1972 aliandika furushi la kuingiza na kutoa data ambalo programu ya C ingeweza kulitumia kwenye masini mbalimbali. Baadaye lilifanyiwa kazi upya, likawa maktaba ya kawaida ya C kwa kusoma na kuandika. Kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie cha mwaka 1978 kiliieleza kwa ulimwengu, na Unix toleo la 7 la mwaka 1979 ikasambaa nayo. Majina yake wanafunzi wa informatika wanayajua: fopen, getc, putc, printf. Mwaka 1989 yaliingia katika kanuni rasmi ya lugha ya C ya Marekani, na mwaka 1990 katika kanuni ya kimataifa.

Maktaba hiyo ilifanya kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza, kuficha tofauti za masini. Ya pili, na hii wengi hawaioni, ni ndoo.

Kila mara programu inaomba kiini cha mfumo data, kuko safari. Programu inasimama, kiini kinachukua usukani, kinatafuta, kinarudisha. Ukiomba baiti moja moja, ni sawa kwenda mtoni na kikombe cha chai. Maktaba ikasema: nitakwenda na ndoo. Ndoo hiyo inaitwa bafa. Katika Unix toleo la 7 ilikuwa na baiti 512, kipimo kimoja na kipande cha diski cha wakati ule. Ukiita getc kuomba herufi moja, maktaba inatazama hesabu: kuko herufi ndani ya ndoo? Kama kuko, inakupa na inapunguza hesabu kwa moja. Kama hesabu imefika sifuri, njo inakwenda mtoni kujaza tena.

Tupige hesabu. Faili yenye herufi 51,200: kwa kikombe ni safari 51,200. Kwa ndoo ni safari 100. Programu haijabadilika hata neno moja, bado inaomba herufi moja moja, lakini inakimbia.

Kwa kuandika, ndoo inafanya kinyume. Unaandika mstari, maktaba inaumwaga ndani ya ndoo na kukuambia sawa, imeandikwa. Ndoo ikijaa, inaibeba hadi kwenye kiini. Kumbuka vizuri hiyo sawa, imeandikwa. Nitairudia.

4. Kifungu kilichozaliwa na karatasi zilizoharibika

Nilisema vifungu vingi vina kovu. Mfano mzuri ni namba 2. Mwanzoni programu ya Unix ilikuwa na 0 ya kusoma na 1 ya kuandika, na ujumbe wa makosa ulipita njia ile ile ya matokeo.

Bell Labs ilikuwa na masini ya kupanga herufi kwa mwanga, ya kutoa maandishi mazuri sawa ya kitabu. Haikuwa kazi ya dakika moja: ukanda wa karatasi ulitoka, kisha ulipitishwa ndani ya masini nyingine yenye dawa na harufu mbaya, halafu ungoje. Stephen Johnson, aliyekuwa mmoja wao, amesimulia kwamba alasiri moja watu kadhaa walipatwa na jambo moja: walingoja karatasi ioshwe, na walipoitazama wakakuta mstari mmoja tu, umepangwa kwa herufi nzuri kabisa, unasema kwamba faili haikuweza kufunguliwa. Ujumbe wa makosa ulifuata mpira hadi mwisho, na masini ikaupamba.

Walilalamika, na waliokuwa karibu kusikia ni watu wenye uwezo wa kubadilisha mfumo. Kisha siku chache kukawa na njia ya tatu, namba 2, kwa ajili ya makosa tu. Tangu hapo matokeo yanakwenda kwenye faili, na makosa yanabaki kwenye ekrani mbele ya macho yako. Leo ukiona R inaandika onyo kwa rangi nyekundu kando ya matokeo, mizizi ya tabia hiyo iko kwenye zile karatasi.

5. Ndoo na umeme unaokatika

Sasa turudi kwa sawa, imeandikwa, juu hapa kwetu njo kifungu chenye hatari kubwa.

Tuseme mwanafunzi ameweka kifaa kidogo shambani cha kupima unyevu wa udongo. Programu ya Python inaandika mstari mmoja kila dakika 10, mstari wa herufi kama 40: tarehe, saa, namba ya kitalu, kipimo. Kwa siku moja ni mistari 144. Ndoo ya kawaida ambayo Python imetumia kwa miaka mingi ni ya baiti 8,192. Gawa kwa 40: ndoo inajaa kwenye mstari wa 204 ao 205. Mistari 204 kwa mwendo wa 144 kwa siku ni karibu saa 34.

Elewa maana yake. Programu inaweza kupokea vipimo vya siku moja na nusu, ikijibu kila mara kwamba imeandika, na kwenye diski hakuna kitu. Yote iko ndani ya ndoo, na ndoo iko kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Umeme unakatika saa ya 33, kompyuta inazimika. Ukiwasha tena, faili iko, jina liko, ndani ni tupu. Utasema ni virusi. Si virusi. Ni maktaba inafanya kazi yake vile iliandikwa.

Na baada ya ndoo kuko tena pipa. Ukiamuru maktaba imwage ndoo, amri ambayo Python inaiita flush na C inaiita fflush, data inatoka kwenye ndoo inaingia mikononi mwa kiini cha mfumo. Lakini kiini nacho hakikimbilii diski mara moja, kinakusanya ndani ya kumbukumbu yake ili kisitembee bure. Katika Unix toleo la 7 kulikuwa programu ndogo iliyoamsha kiini kila sekunde 30 kimwage yote kwenye diski. Ni kusema waliokubali mapatano hayo walikubali kwamba masini ikianguka, nusu dakika ya kazi inaweza kupotea. Kuko amri nyingine, fsync, inayosema: mwaga pipa sasa hivi, na usirudi kabla diski haijapokea.

Kwa programu inayoandika mistari 144 kwa siku, kuita flush na fsync kila mstari hakuna gharama yoyote ya kuonekana. Ndoo ilitengenezwa kwa mtu anayeandika maelfu ya herufi kwa sekunde. Sisi na kipimo chetu cha kila dakika 10 tunapata hatari ya ndoo bila kupata faida yake.

6. Mlango usiouliza ukubwa

Kovu lingine lilionekana na ulimwengu mzima. Ndani ya maktaba ile ya C kulikuwa amri ya kusoma mstari iitwayo gets. Unaipa chombo, inasoma mpaka mwisho wa mstari. Haikuuliza chombo kina ukubwa gani. Kama mstari ni mrefu kuliko chombo, herufi zilimwagika nje na kufunika kumbukumbu ya jirani.

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia kwenye intaneti ya wakati ule programu inayojisambaza yenyewe. Moja ya njia zake ilikuwa huduma iitwayo finger, ambayo kwenye masini nyingi za Unix ilitumia gets na chombo cha baiti 512. Programu ya Morris ilituma zaidi ya chombo, na ndani ya zile baiti ilizotuma kulikuwa amri. Masini kwa maelfu zilielemewa.

La kushangaza ni kwamba ndugu yake, fgets, anayeuliza ukubwa wa chombo, alikuwa tayari ndani ya maktaba ile ile. Tena gets ilitolewa kabisa kwenye kanuni ya C mwaka 2011 tu, miaka 23 kisha tukio. Kuvunja kifungu kibaya ni kazi ndefu kuliko kukiandika, juu programu za watu wengi zinakuwa zimeshakitegemea.

7. Maïs yenye majina mawili

Kovu la mwisho linatugusa moja kwa moja. Mpira wa Unix unapitisha baiti. Kwa Mmarekani wa miaka ya 1970, baiti moja ilikuwa herufi moja, mambo yamekwisha. Orodha ya herufi ya ASCII ilikuwa na nafasi 128: herufi za Kiingereza, namba, alama. Kiswahili chetu kina bahati, kinaingia chote humo bila kukosa kitu. Kifaransa hakiingii. Lingala iliyoandikwa kwa herufi zake kamili, pamoja na ɛ na ɔ, haiingii.

Kila upande ukajitafutia dawa. Katika orodha ya Ulaya Magharibi, herufi ï ilipewa baiti moja, namba 239. Mwaka 1992 Ken Thompson, yule yule wa Unix, pamoja na Rob Pike, walibuni UTF-8, ambayo inaweza kubeba maandishi ya lugha zote na bado inaheshimu ASCII ya zamani. Ndani ya UTF-8, ï ni baiti mbili: 195 na 175. Mpira haujui tofauti. Kwake zote ni maji.

Sasa chukua faili ya mavuno. Mwenzako mmoja ameijaza kwenye kompyuta inayohifadhi UTF-8, na wewe unaifungua kwa programu inayodhani ni orodha ya zamani ya Ulaya. Penye neno maïs utaona maÃ¯s. Unacheka, unaendelea. Lakini ukiunganisha meza mbili, kwa kompyuta hayo ni mazao mawili. Uchambuzi wako wa variansi unapata aina moja zaidi, wastani unagawanyika, na jedwali linatoka safi kabisa bila onyo. Promota akiuliza zao hili la nne lilitoka wapi, utajibu nini?

Ongeza na virgule. Excel iliyopangwa kwa Kifaransa inahifadhi CSV kwa kutenganisha nguzo na nukta-mkato, na inaandika tani mbili na nusu kama 2,5. Watengenezaji wa R walijua, wakaweka read.csv2 kando ya read.csv kwa ajili ya nchi zinazoandika hivyo. Kifungu kiko. Ni sisi tunaokipita bila kukisoma.

Watengenezaji wa maktaba walichelewa kuelewa kwamba herufi na baiti si kitu kimoja. Java ilitoka mwaka 1996 na mikondo ya baiti, mwaka 1997 ikaongeza mlango wa pili kwa ajili ya herufi. Python ilivunja mapatano yake ya zamani mwezi Desemba 2008, toleo la 3, ili kutenganisha viwili hivyo, na programu nyingi zilipaswa kuandikwa upya. R kwenye Windows ilianza kutumia UTF-8 kama kawaida yake mwaka 2022 tu. Na R yenyewe ni mjukuu wa nyumba ile ile: ilitengenezwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, kwa kufuata lugha ya S, ambayo John Chambers na wenzake waliianza Bell Labs mwaka 1976.

8. Kwa hiyo tufanye nini

Kuko watu wanaosema maktaba zinatufanya wavivu, eti kila mtu ajifunze kompyuta kutoka chini kabisa. Mimi sikubali. Mkulima hachimbi mfereji mpya kwa kila mche wa maharagi. Mpira ni kitu kizuri, na McIlroy alikuwa na haki. Bila mapatano haya hakuna hata mmoja wetu angemaliza TFC kwa wakati.

Lakini mapatano yaliandikwa na watu wa mahali fulani, kwa shida za mahali pao. Murray Hill waliteseka na karatasi zilizopambwa makosa, wakaweka namba 2. Walitaka masini nyingi zisome programu moja, wakaandika maktaba. Shida ya umeme unaokatika mara tatu kwa siku, na ya faili moja yenye Kifaransa, Kiswahili na Lingala pamoja, haikuwa yao. Njo maana vifungu vya kutulinda viko, lakini haviwashwi vyenyewe. Sisi tunapaswa kuviomba kwa jina.

Wale wanaoanza kukusanya data msimu A huu, kabla ya kuamini mstari wenu wa kwanza wa kusoma ao kuandika faili, muulize programu mambo matatu. Ndoo yako inamwagwa lini? Ukubwa wa chombo unaulizwa na nani? Herufi zangu unazisoma kwa orodha gani? Kwa Python, weka encoding="utf-8" kila mara unapofungua faili ya maandishi iliyohifadhiwa hivyo, na flush pamoja na fsync kila kisha kipimo. Kwa R, andika fileEncoding wazi, kisha tazama orodha ya mazao yako kwa unique() kabla ya hesabu yoyote. Ukiona maïs iko mara mbili, bado uko na muda wa kurekebisha.

Wenye swali waulize, na wenzetu wa informatika watie chumvi pale nilipopunguza.